Tabasamu la Mdomo, Bashasha ya Uso

Msibani, mfiwa akitabasamu hakuna anayemshangaa. Amekaa mkekani, Mbagala au Tandale jijini Dar es Salaam, mtandio umemshuka mpaka kwenye paji la uso, mara anaingia rafiki aliyesoma naye shule ya msingi, katoka Morogoro na basi la alfajiri. Mfiwa anamtazama, midomo inavutika kidogo, halafu machozi yanaanza upya. Waliokaa karibu wataliita hilo tabasamu la uchungu, na hawatakuwa na la kuongeza. Lakini mfiwa huyohuyo akiwapokea waombolezaji kwa bashasha, habari itafika mtaa wa pili kabla maiti haijatoka ndani. Watu wataanza kuulizana marehemu ameacha nini.

Ukimkamata mtu njiani ukamwuliza tofauti ya tabasamu na bashasha, aghalabu atakujibu kwamba ni mamoja: uso wa mtu mwenye furaha. Ila akirudi kwenye mazungumzo yake hatayachanganya hata mara moja. Tabasamu hukubali kubeba karibu kila mzigo. Lipo tabasamu la uchungu, la dharau, la kejeli, la aibu, la ushindi, la bandia. Mwandishi wa riwaya akitaka tumjue mtu mwenye hila, humpa tabasamu katikati ya maneno matamu, na msomaji anajua huyu si wa kuaminiwa. Sasa fanya hivyohivyo na bashasha. Bashasha ya dharau? Bashasha ya kejeli? Sikio linakataa. Bashasha ikishaingiwa na dharau si bashasha tena, na Kiswahili kitatafuta jina lingine la kuiita.

Tazama pia jinsi maneno haya yanavyokaa kwenye sentensi. Tabasamu lina kitenzi chake: mtu hutabasamu, alitabasamu, ametabasamu tena. Lina mwanzo na mwisho, na ndiyo maana tunasema fulani aliachia tabasamu, kama kitu kilichokuwa kimeshikiliwa. Bashasha haina kitenzi kinachotembea mitaani wala haihesabiki. Hakuna aliyewahi kumpa mwenzake bashasha mbili. Huja ikiwa imeshikana na tendo jingine: alitupokea kwa bashasha, aliitikia salamu kwa bashasha, alinikaribisha kwa bashasha. Hebu yaangalie matendo hayo. Kupokea, kuitikia, kukaribisha: hakuna hata moja ambalo mtu hulifanya peke yake.

Abiria aliyebanwa kwenye daladala la Tandika, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umeshika simu, anaweza kutabasamu kwa ujumbe aliotumiwa, na hilo ni lake na simu yake. Hakuna atakayesema anausoma ujumbe kwa bashasha. Ni kweli, utasikia kwamba binti fulani alijaa bashasha matokeo ya kidato cha nne yalipotoka. Lakini mtazame vizuri huyo binti: amekwisha kutoka nje, anatafuta wa kumwambia. Tabasamu ni la mwenye uso. Bashasha ni ya mgeni.

Maneno yote mawili tuliyapata kwa Waarabu, na ni jambo la kupendeza kwamba tuliyapokea pamoja na mgawanyo wake wa kazi. Mzizi wa tabasamu umo katika Kurani, Sura ya An-Naml, aya ya 19, pale Nabii Suleiman anapomsikia sisimizi akiwaonya wenzake waingie mashimoni wasije wakakanyagwa na jeshi lake. Aya inamweleza Suleiman kwa maneno mawili yanayofuatana, la kutabasamu na la kucheka, na wafasiri wamelifafanua la kwanza kuwa ndio mwanzo wa cheko, hatua inayotangulia sauti. Bibi Aisha naye anasimulia, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba hakupata kumwona Mtume akicheka mpaka kimio chake kikaonekana. Alikuwa akitabasamu tu. Kimio ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kipimo hicho kinaeleweka na kila mtu aliyewahi kucheka barazani mpaka akaambiwa funga mdomo.

Mzizi wa bashasha una habari yake. Katika hadithi iliyomo kwenye mkusanyo wa Ibn Majah, furaha ya Mwenyezi Mungu kwa mtu anayeshika njia ya msikitini inalinganishwa na furaha ya jamaa waliokuwa na mtu wao safarini, na siku hiyo kawarudia. Kitenzi kinachotumika hapo ni cha mzizi huohuo wa bashasha. Kwa maneno mengine, tangu huko lilikotoka, neno hili lilikuwa na mlango, na mtu mmoja ndani na mwingine nje anayeingia. Watu wa pwani, ambao maisha yao yalikuwa ya kusubiri majahazi ya kaskazi na kuyaaga wakati wa kusi, hawakuhitaji kuelezwa maana yake.

Kiswahili kilikuwa tayari na maneno yake ya asili ya Kibantu juu ya uso, na yenyewe yalikwisha kuutazama kama mkeka: uso hukunjwa, uso hukunjuliwa. Aliyekasirika amekunja uso, na ndita zinaonekana. Aliyeridhika ana uso mkunjufu. Mkeka hukunjuliwa ili mtu akae, na nadhani ndiyo sababu bashasha ilipofika ilikuta nafasi yake imeshaandaliwa. Tabasamu lilikaa kwenye midomo. Bashasha ilikaa kwenye uso mzima, na baadaye nitaonyesha kwamba hata uso haukuitosha.

Mwenye shaka na aende soko la Tandika asubuhi, upande wa viungo. Kuna mama anayeuza iliki, mdalasini, pilipili manga na binzari, na amevaa nikabu. Kinachoonekana ni macho yake tu na vidole. Midomo yake hakuna mteja anayeijua. Kwa hiyo, kama furaha ya uso ingekuwa suala la midomo, mama huyu angekuwa mtu asiyesomeka. Lakini meza yake haikauki watu, na ukiwauliza kwa nini wanapita meza tatu kabla ya kufika kwake, watakwambia yule mama ana bashasha.

Simama pembeni umtazame. Anakuja kijana ambaye zamani alikuwa akitumwa hapo na mama yake na sasa ameanza kazi. Kabla hajafika, nyusi za mama zimeshapanda kidogo. Macho yanajifinya, na pembeni mwake inatokea mikunjo midogo inayoelekea kwenye masikio. Kichwa kinainama upande.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Umepotea weee! Mama hajambo?"

Mkono wa kushoto unafika kifuani na kutulia hapo wakati kijana anajibu. Mkono wa kulia umeshasogeza kigoda. Iliki itapimwa baadaye. Salamu haijaisha, na huyu kijana hana haraka tena, ingawa alikuja mbiombio.

Dakika chache baadaye anapita mteja mwingine, anashika mdalasini, anaunusa, anautupa mezani na kusema bei ya hapa ni ya wizi. Macho ya mama yanabaki wazi, yametulia, hayana ukali wala hayana mikunjo. Anataja bei ileile kwa sauti ileile. Labda chini ya kitambaa kile anatabasamu, na mtu angekuwa na haki ya kuliita tabasamu la subira au la dharau. Hatutajua. Tunachojua ni kwamba bashasha imeondoka, na kila aliyesimama pale ameiona ikiondoka bila kuona hata jino moja.

Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Guillaume Duchenne, alichapa kitabu kilichotokana na majaribio ambayo leo yangemkosesha mtu usingizi. Aligusisha nyaya za umeme kwenye nyuso za watu ili kuamsha msuli mmoja mmoja, kisha akazipiga picha. Aliyempiga picha nyingi zaidi alikuwa mzee ambaye ngozi ya uso wake ilikuwa imepoteza hisi, kwa hiyo hakuumia sana. Duchenne alipoamsha msuli unaovuta pembe za mdomo, mzee alitabasamu, lakini kila aliyeiona picha alihisi kuna kitu kimekosekana. Kilichokosekana kilikuwa msuli wa duara unaozunguka jicho, ule unaopandisha mashavu na kukunja ngozi ya pembeni. Duchenne alishikilia kwamba ule wa mdomo unatii amri ya mtu, na ule wa jicho unatii furaha ya kweli peke yake. Charles Darwin alizichukua baadhi ya picha hizo, akawaonyesha watu ili aone watasema nini, na akazitumia katika kitabu chake cha mwaka 1872 juu ya namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Karne moja baadaye Paul Ekman, Mmarekani, alitumia miaka mingi kuupima msuli huohuo, na yeye na wenzake ndio waliolipa tabasamu la macho jina la yule Mfaransa.

Utafiti wa karibuni umepunguza makali ya dai hilo. Watu wengi, imeonekana, wanaweza kuukunja msuli wa jicho kwa kukusudia. Kwa hiyo jicho nalo linaweza kudanganya, ingawa si kwa wepesi wa mdomo. Mimi naona hapa lugha yetu ilikwenda hatua moja mbele ya maabara. Duchenne na Ekman walikuwa wakiuliza kama furaha iliyo usoni ni ya kweli. Mama wa Tandika hajawahi kuulizwa swali hilo. Inawezekana asubuhi ile alitoka nyumbani na deni la kodi, mtoto anaumwa, na moyoni hamna furaha ya kutosha kumgawia mtu. Wateja wake hawamdai furaha. Wanamdai mapokezi, na mapokezi anayo hata siku ambayo furaha hana. Mwenyeji mwenye huzuni anaweza kuwa na bashasha kwa mgeni bila kuwa mnafiki. Anajua kwamba mgeni hakuja kubebeshwa mzigo huo mlangoni.

Unafiki una maneno yake, na uswahilini maneno hayo ni makali. La kwanza ni kukenua. Aliyekenua ameonyesha meno, basi. Mbwa hukenua. Mtoto aliyekutwa na mkono kwenye kopo la sukari hukenua. Konda aliyekula chenji yako hukenua, na ukimwuliza "mbona unakenua tu?" umeshamwambia kwamba meno hayo hayajakulipa. Hakuna anayesifiwa kwa kukenua, hata awe na meno mazuri kiasi gani na mwanya wa kupendeza katikati.

La pili nalipenda zaidi kwa sababu limetengenezwa kwa ustadi mkubwa: kujichekesha. Kitenzi ni kucheka. Tia kiambishi cha kusababisha, upate kuchekesha, kazi ya mchekeshaji. Kisha rudisha tendo kwa mtendaji mwenyewe, na unampata mtu anayejisababishia kicheko ambacho hakuna kilichokisababisha. "Usijichekeshe hapa," shangazi anamwambia kijana wa jirani anayezungukazunguka nyumba yenye mabinti. "Anajichekeshachekesha kwa bosi," wanasema kuhusu mwenzao kazini. Kujichekesha kunafanana na bashasha kwa kila kitu cha nje: kuna mtu wa pili, kuna meno, kuna sauti iliyopanda. Kinachotofautiana ni nani anatarajia kupata. Mwenye bashasha anakusogezea kigoda. Anayejichekesha ameshakitazama chako na anapanga kukikalia.

Na kicheko chenyewe kinaweza kutokea bila furaha wala hila. Historia ya nchi hii ina kisa mashuhuri. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na wakashindwa kuacha. Hali hiyo ilienea mpaka wasichana 95 kati ya 159 wakaathirika, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Waliporudi makwao ikaenda nao, ikafika Nshamba na vijiji vingine. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip walioichunguza waliandika ripoti yao mwaka 1963. Hawakuona sumu wala vijidudu. Waliona wasichana waliocheka na kulia kwa zamu, waliohangaika, walioogopa kitu wasichoweza kukitaja. Wenyeji waliiita enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka. Dunia ya nje imekuwa ikikisimulia kisa hiki kama kichekesho, na inaniuma kila ninapokisikia kikisimuliwa hivyo, maana Wahaya waliokiona kwa macho walikwisha kukiweka kwenye fungu la maradhi tangu siku za kwanza. Waliona meno na wakasikia sauti, na hawakudanganyika kwamba kuna mtu anafurahi.

Turudi Dar es Salaam, kwenye studio za picha. Kinondoni zipo za kila namna, kuanzia zenye taa kubwa za kupigia mabibi harusi hadi chumba kimoja chenye pazia jeupe, stuli na kioo cha kujitengenezea nywele. Kwa picha ya pasipoti mpiga picha hataki lolote. Kanuni za kimataifa zinadai mdomo uliofungwa, macho wazi, uso usiosema kitu, na tangu pasipoti mpya ya kielektroniki ilipozinduliwa Januari 2018 mashine ndiyo inayosoma uso, nayo haina habari na bashasha ya mtu. Lakini kwa picha ya ukumbusho huyohuyo mpiga picha anabadilika. Wa siku hizi atakwambia "sema chiizi." Irabu ya mwisho inavuta midomo pembeni na meno yanatokea, na matokeo yake mara nyingi ni kukenua kulikopigwa picha vizuri. Wapiga picha wazee nao walikuwa na namna yao. Waliuliza habari: unatoka wapi, wazazi hawajambo, ulizaliwa Temeke ipi, ya Sterio au ya Mwisho? Mtu anajibu, anasahau kamera, na kidole cha mzee kinabonyeza. Waliokuwa hodari hawakutaja kabisa neno tabasamu, kwa kuwa mtu akiamriwa kutabasamu hufanya kazi ya mdomo tu. Fundi wa aina hii hapokei picha ya bashasha kutoka kwa mteja. Yeye kwanza ndiye anayempa mteja bashasha, ndipo inarudi.

Ukumbini, siku ya harusi, maneno haya mawili hugombana hadharani. MC ameshika kipaza sauti: "Bibi harusi, tabasamu basi, watu wamechangia hapa!" Ukumbi unacheka. Kamera inasogea. Na pembeni ya jukwaa kuna somo wa bibi harusi, mwanamke wa makamo aliyekaa naye ndani na kumfundisha, ambaye uso wake unasema hapana. Kwa mila za pwani, kwa Wazaramo na jirani zao, mwali anatolewa nje akiwa ameinamisha macho. Hatazami watu, hacheki nao. Uso umeumbwa na haya, na siku hiyo haya ndiyo nguo yake ya kwanza. Wageni kutoka bara, ambao Dar es Salaam imewapokea kwa wingi, huona bibi harusi amenuna na kunong'ona kwamba pengine kalazimishwa.

Hajanuna. Siku hiyo bashasha si kazi yake. Wenye kazi ya bashasha ni mama zake, shangazi zake, wale waliovaa kanga sare na kusimama mlangoni, wanaopiga vigelegele kila linapoingia kundi jipya. "Karibuni, karibuni jamani, mmetuheshimu!" Wao ndio wenyeji, na bashasha ni ya mwenyeji kumpa mgeni. Bibi harusi yuko njiani kati ya nyumba mbili, na mtu aliye njiani hana mlango wa kumkaribishia mwenzake. Kesho kutwa, akiwa kwake, akisikia hodi, ndipo atakapodaiwa. Hata hivyo, akiinua macho kidogo akamwona mdogo wake anacheza vibaya mbele ya watu, akatabasamu, somo hatamgombeza. Tabasamu hata mwali ana haki nalo.

Ninayasema haya kwa sababu naona tabasamu likilitafuna neno jenzake. Sikiliza matangazo ya biashara, soma mabango ya barabarani, ingia kwenye semina yoyote ya huduma kwa wateja. Kila mahali ni tabasamu: mhudumie mteja kwa tabasamu, anza siku kwa tabasamu. Vijana kutoka Mwananyamala na Buza wanaoajiriwa kwenye kaunta za maduka makubwa hufundishwa kuonyesha meno kwa kila anayeingia. Mwaka 1983 Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika kitabu juu ya wahudumu wa ndege waliofundishwa hivyohivyo, na alionyesha gharama yake: baada ya miaka kadhaa wengine walishindwa kujua lini wanatabasamu wenyewe na lini ni kazi. Sisi tumeagiza mafunzo hayo na gharama yake ndani yake.

Tulikuwa na neno lililotufaa zaidi, na tuna walimu wake katika kila mtaa. Mama lishe wa Temeke anayeamka saa kumi usiku kukanda unga wa chapati hana sera ya tabasamu. Anapofika fundi ujenzi saa kumi na mbili na nusu, anajua huyu hali chapati bila supu, anajua mkewe amejifungua wiki iliyopita, na swali lake la kwanza ni la mtoto. Meno yake yanaweza yasionekane kabisa, kwa kuwa moshi wa kuni umemwingia machoni na yuko bize na kaango. Fundi atakwambia amepokelewa kwa bashasha. Kijana wa kaunta aliyefundishwa kutabasamu hajaambiwa amwulize mtu habari yoyote. Foleni ni ndefu.

Na mji umekua mno. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta mji wa Dar es Salaam una watu wasiozidi 273,000. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa, Temeke peke yake ikiwa na 1,346,674 na Kinondoni 982,328. Mji wa namna hiyo hauwezi kuishi kwa kujuana. Mtu hupita siku nzima katikati ya sura asizozijua, na kila sura hiyo inaweza kuwa ya mwizi, ya tapeli au ya mtu mwema tu anayetafuta kituo. Angekuwa na sababu zote za kukunja uso. Kinachonishangaza, na kunifurahisha, ni kwamba katika mitaa iliyosongamana kuliko yote bado mtu akiuliza njia huelekezwa kwa mkono, kisha husindikizwa mpaka kona, kisha huulizwa ametokea wapi. Salamu ya mtu usiyemjua imebaki kuwa deni. Bashasha haikusubiri undugu.

Nilisema kwamba hata uso haukuitosha bashasha. Simu zilipoenea, tabasamu lilibaki pale lilipo, halionekani. Bashasha ikapanda kwenye sauti. Familia nyingi za Temeke zina mtu Muscat au Dubai, binti aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani, mjomba mwenye uraia wa Oman tangu miaka ya sabini. Simu ikiita usiku, mtu wa kwanza kupokea huitambua sauti na kupaza yake mpaka majirani wajue nani amepiga. "Mwanangu weee!" Mwili una sababu zake: midomo ikivutwa pembeni, njia ya sauti hufupika na mlio hung'aa, ndiyo maana msikilizaji hutambua kwa sikio tu kwamba mwenzake anatabasamu. Lakini zaidi ya mlio kuna mpangilio: salamu hurefushwa, majina ya wote waliomo ndani hutajwa, simu huzungushwa kila mtu aseme neno, mpaka mtoto asiyejua kusema awekewe sikioni.

Halafu ukaja ujumbe wa maandishi, usio na uso wala sauti. Mwaka 2015 kamusi za Oxford zilichagua ile sura ya njano inayolia kwa kicheko kuwa neno la mwaka, na sura hizo zimejaa kwenye simu zetu kama kwenye simu za watu wengine wote. Zinafanya kazi ya tabasamu vizuri, na kazi ya kukenua vizuri zaidi. Mtu huzituma kumi akiwa amenuna. Bashasha ilijitafutia njia nyingine, na njia hiyo imo ndani ya Kiswahili chenyewe, kwa sababu maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na irabu huvutika. Fungua kundi lolote la wanafamilia la WhatsApp siku ambayo ndugu aliyekuwa kimya miezi kadhaa anaandika "Hamjambo." Wa kwanza kumwona atajibu "Hatujamboooo." Wa pili: "Jamaniiii." Shangazi wa Mtoni Kijichi, ambaye hupata tabu kuziona herufi bila miwani, atachelewa. Atakapoandika, ataandika "Karibuuuuuuu," u baada ya u, na kisha ataongeza nyingine mbili kwenye ujumbe unaofuata, kwa kuwa ameona hazikutosha.